Daftari la Jumamosi Alfajiri

Saa 12:30 asubuhi ya Jumamosi, katika uchochoro mmoja wa Dar es Salaam ambao bajaji ikiingia lazima wapita njia wabane ukutani, viti vya plastiki vimekwisha kupangwa uani. Meza ndogo imetandikwa kitambaa cheupe. Juu yake pana msalaba, mshumaa na Biblia ambayo jalada lake linashikiliwa na selotepu. Wiki hii ni zamu ya nyumba hii, kwa hiyo uwanja umefagiwa hadi mistari ya ufagio inaonekana mchangani. Akina mama wanaingia na vitenge vyao mabegani, mtoto mmoja anasinzia akiwa amesimama. Anayeingia husema "Tumsifu Yesu Kristu", waliokaa huitikia "Milele, amina", na rozari huanza kabla nusu ya watu hawajafika.

Pembeni ameketi katibu na kaunta buku lake. Kila jina lina mstari wake na kila Jumamosi ina kisanduku chake. Aliyekuja huwekewa alama ya vema, aliyetuma udhuru huandikiwa herufi U, na ambaye hajulikani aliko kisanduku chake hubaki kitupu. Katibu haandiki kwa haraka. Huinua macho, hutazama nyuso, hushusha kalamu, kama mtu anayepanga nyanya sokoni.

Hiyo ndiyo Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, na daftari lile lina nguvu kuliko linavyoonekana. Katika parokia nyingi za Tanzania, mzazi anayetaka mwanawe abatizwe, vijana wanaotaka kufunga ndoa, hata ndugu wanaokwenda kuomba padri aje kuzika, wataulizwa swali moja kabla ya yote: "Jumuiya gani?" Kisha itatakiwa barua ya mwenyekiti. Mwenyekiti kabla ya kuandika humtazama katibu, naye katibu hufunua kurasa. Hapo ndipo jambo la uani linapogeuka kuwa swali la kiteolojia. Kanisa linafundisha kwamba neema hutolewa bure. Je, kitu cha bure kinaweza kuwa na mahudhurio?

Kwa asiyeijua parokia ya Kikatoliki, ni rahisi kudhani maisha yake ni Misa ya Jumapili tu. Jumapili ni kilele: Misa ya kwanza saa 12 kwa wanaowahi kazini, ya pili yenye kwaya kubwa na mahubiri marefu, kisha ya watoto, halafu mnada nje ya kanisa ambako jogoo aliyeletwa kama sadaka huuzwa mara tatu kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha. (Matangazo nayo mara nyingine huwa marefu kuliko mahubiri, na hakuna anayelalamika mbele ya paroko.) Lakini wiki yenyewe ina mwendo wake. Kwaya zina mazoezi jioni, Lejio ya Maria wana kikao chao, akina mama wa WAWATA wana wagonjwa wa kutembelea, na Ijumaa ya kwanza ya mwezi ni ya Moyo Mtakatifu. Jumamosi ina mafundisho ya watoto, usafi wa kanisa na ndoa. Katika yote hayo, jumuiya ndiyo pekee ambayo mtu hachagui kujiunga nayo kwa kipaji au kwa mapenzi. Anaingia kwa sababu anakaa mtaa ule.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Enzi za wamisionari parokia ilikuwa nchi nzima: padri mmoja, vigango kadhaa, na katekista aliyebeba kila kitu mpaka padri atakaporudi. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walikwisha kuchagua njia ya jumuiya hai za waamini. Mwaka 1973 maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi wakakubaliana kwamba Kanisa lijengwe kwenye vikundi vidogo ambamo watu wanafahamiana. Mwaka 1976 wakalirudia jambo hilo na kulifanya kipaumbele. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: watu elfu wanaotazama altare moja bila kujuana majina bado ni umati.

Tanzania ililipokea wazo hilo ikiwa tayari na udongo wake. Ulikuwa wakati wa Ujamaa, na Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikuwa ameona katika kijiji cha ujamaa sura ya Utatu Mtakatifu: watatu wanaoshirikiana kila walicho nacho. Lakini kulikuwa pia na jambo lingine, ambalo vitabu vya teolojia havilitaji sana. Tangu miaka ya 1960 chama tawala, TANU, kilikuwa kimeigawa nchi katika nyumba kumi kumi, kila kundi na mjumbe wake. Mtanzania alizoea kwamba ukitaka jambo lolote ofisini, uanze na barua ya mjumbe. Barua ya mwenyekiti wa jumuiya ni mpwa wa barua ile. Sura zao zinafanana, na tabia pia.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haina habari na mpwa huyu. Kanuni ya 843 inasema wahudumu watakatifu hawawezi kuwanyima sakramenti wale wanaoziomba kwa wakati ufaao, waliojiandaa vema na wasiozuiwa na sheria. Kanuni ya 848 inaongeza kwamba wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kuhusu mazishi, kanuni ya 1184 inawataja wanaoweza kunyimwa: waasi wa imani wanaojulikana wazi, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa hadharani ambao mazishi yao yangewakwaza waamini, na hao nao iwapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Mtu aliyekosa Jumamosi kumi na mbili mfululizo hayumo katika orodha hiyo.

Basi daftari lichomwe? Polepole. Sheria hiyohiyo, kanuni ya 868, inataka kabla ya kumbatiza mtoto pawepo tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani. Tumaini hilo paroko wa mjini, mwenye waamini maelfu, atalipata wapi? Atamtazama mzazi usoni? Hata Kanisa la kale liliuliza. Kitabu kinachoitwa Mapokeo ya Mitume, ambacho kwa desturi huhusishwa na Hipoliti wa Roma wa karne ya 3, kinaeleza kwamba waliotaka kubatizwa walifundishwa kwa miaka mitatu, na ulipofika wakati walichunguzwa maisha yao: je, waliwaheshimu wajane, waliwatembelea wagonjwa, walitenda mema? Waliowaleta ndio walioshuhudia. Ushuhuda wa majirani, kwa hiyo, haukuvumbuliwa Nairobi. Tofauti ni maswali. Kule waliulizwa kuhusu wajane. Uani huku, mara nyingi, huulizwa kuhusu visanduku.

Mwaka 1994 Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilichagua picha ya Kanisa kama familia ya Mungu, na wengi wakaifurahia kwa kuwa iliingia moja kwa moja katika lugha zetu. Anayelipinga daftari hukimbilia picha hiyo: ukoo hauna rejista, mtu huzaliwa ndani yake na basi. Lakini aliyekulia katika ukoo wa kweli anajua kwamba maneno hayo ni nusu tu. Ukoo una kumbukumbu kali kuliko kaunta buku. Asiyeonekana kwenye misiba ya wenzake huambiwa wazi kwamba wake atauona peke yake. Hakuna anayeandika, na hakuna anayesahau.

Na ni msiba hasa unaoipa jumuiya heshima yake. Simu ikilia usiku wa manane, anayefika wa kwanza ni jirani wa Jumamosi, maana ndugu bado wako Songea, Bukoba au Rombo wakitafuta nauli. Kabla ya kucha turubai limeshafungwa, viti vimekopwa jumuiya ya pili, moto umewashwa chini ya sufuria kubwa, na mama mmoja anaulizia kimyakimya kama mfiwa amekula. Mtu mwingine ameshika daftari, hili sasa la rambirambi, na kila elfu mbili inaandikwa kwa jina. Mgeni aliyehamia mjini bila ndugu anaweza kufa na kuzikwa kama mtu wa watu kwa sababu tu kulikuwa na kisanduku chenye jina lake. Anayesema jumuiya ni urasimu mtupu hajawahi kufiwa mbali na kwao.

Ubaya unaanza mahudhurio yanapolala kurasa zilezile za michango. Zaka, mavuno, ujenzi wa nyumba ya mapadri, seminari, sherehe ya somo wa parokia: kila kimoja kina safu yake, na macho ya katibu, akitaka asitake, yanazisoma zote kwa pamoja. Hapo hutokea jambo ambalo kila mwanajumuiya analijua na wachache hulisema. Bwana mwenye geti refu, ambaye hajawahi kuonekana alfajiri, bahasha yake huja nene na barua yake haicheleweshwi. Mama muuza vitumbua, aliyekosa wiki sita kwa sababu alfajiri ndiyo saa yake ya biashara, huambiwa "aanze kwanza kujirekebisha". Kanuni ya 848 inakanyagwa bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mahudhurio, yaliyobuniwa ili watu wajuane, yanageuka deni, na deni siku zote lina njia ya kulipika kwa fedha.

Halafu wapo ambao hawamo hata katika visanduku vitupu: dada wa kazi anayeruhusiwa Misa ya kwanza tu, arudi kabla watoto hawajaamka, mlinzi anayetoka lindo saa ileile rozari inapoanza, nesi wa zamu, kondakta wa daladala. Sheria ya Kanisa imewafikiria kwa namna ya kugusa. Kanuni ya 107 inasema mtu humpata paroko wake kwa makazi yake, na kwa kanuni ya 102 makazi ya muda huweza kupatikana kwa kukaa miezi mitatu. Asiye na makazi kabisa naye ana paroko: yule wa mahali alipo kwa sasa. Hatakiwi kujiandikisha kwanza. Neno lenyewe parokia linatokana na Kigiriki, paroikia, maana yake kukaa ugenini, na Waraka wa kwanza wa Petro unalitumia kwa maisha ya Wakristo hapa duniani. Ni neno la wapangaji. Kwa mji kama Dar es Salaam, ambako karibu kila mtu ana "kwetu" kwingine, lisingeweza kuwa sahihi zaidi.

Turudi uani. Hapo Injili ya Jumapili ijayo husomwa kwa utaratibu wa hatua saba uliotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Husomwa, maneno yaliyogusa hurudiwa kwa sauti, kimya hukaa, watu hushirikishana. Hatua ya sita inauliza ni kazi gani Bwana anawataka waifanye wiki hii. Ndiyo hatua inayorukwa zaidi, kwa kuwa kufikia hapo jua limekwisha kupanda na michango bado haijasomwa.

Jumamosi hii nayo hatua hiyo ilirukwa. Michango ikasomwa, matangazo yakatolewa, na kwenye mengineyo mama mmoja akanyoosha mkono. Mlinzi wa lile jengo lisilokwisha hapo ng'ambo ana siku ya tatu hajatoka kibandani, alisema. Jana alimpelekea uji.

"Ni mwenzetu?" mtu akauliza.

"Sijui. Nilipofika niliropoka tu Tumsifu Yesu Kristu, kwa mazoea. Akaitikia."

Katibu alifunua ukurasa wa nyuma, akaandaa kalamu. "Jumuiya gani huko kwao? Ana kadi ya parokia?"

"Mzee katibu," mama akasema, "ana homa."

Mwenyekiti akauliza nani ana hela ya bajaji.