Jina la Mtoto Si Jezi

Vijana wenzangu wa Ngara na Biharamulo, wengi wetu ndio tunaombwa kufundisha timu za watoto. Msimu wa UMITASHUMTA ukifika, kishawishi kinajulikana: mamluki. Unamchukua kijana aliyekwishamaliza la saba, unampa jina la mtoto wa darasa la tano, mnapita ngazi ya kata, mnapita wilaya, shangwe kibao.

Mtu atasema, "Si mchezo tu? Nani kaumia?" Wameumia wawili. Wa darasa la tano amekaa nje, anasikia jina lake likishangiliwa kwa mabao ya mwingine. Na yule mkubwa amejifunza kwamba ana thamani akijificha tu. Jina tulilopewa siku ya ubatizo Mungu analijua. Halivuliwi kama jezi.

Mwaka 2018 Vatikano ilitoa waraka kuhusu michezo, ikihimiza kila mtu atoe kilicho bora alicho nacho. Alicho nacho, si cha kuazima. Kufungwa manne mkiwa na watoto wa umri halali kunauma, ndiyo. Lakini Jumatatu unawatazama machoni, mnaanza tena mazoezi.

Mtakatifu Yohane Bosko, rafiki wa watoto, utuombee.