Nani Alikuwepo Ulipozaliwa?

Sisi vijana tunapenda kubishana vijiweni juu ya swali la "mimi ni nani?" Tunalizungusha pamoja na vikombe vya kahawa, huyu anasema mtu ni roho yake, yule anasema mtu ni kazi yake, na giza likiingia kila mmoja anarudi kwao akiwa vilevile. Ukitaka kujua kuwa swali hilo si la kijiweni tu, nenda kaombe kitambulisho cha taifa. Pale unaulizwa kwa fomu, na jibu linatakiwa leo.

Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu tunayo tangu mwaka 1986. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, iliundwa mwaka 2008, na vitambulisho vya kwanza vikazinduliwa Februari 2013. Wengi hawakushtuka. Kilichowashtua ni simu. Mwaka 2019 ilitangazwa kuwa kila laini isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, muda ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Hapo ndipo hata mtu ambaye serikali ilikuwa haijamuuliza kitu maisha yake yote alipotakiwa athibitishe kuwa yupo.

Nizungumze juu ya mtu mmoja, maana falsafa isiyomhusu mtu yeyote ni soga. Hapa kwetu Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, yupo bibi anayeuza ubuyu. Ni mahali pa visima vinavyounywesha mji, pa mashamba ya zabibu na kambi ya JKT, kwa hiyo wengi wetu tumetoka kwingine, na hakuna anayeshangaa kumwona mgeni. Bibi naye alikuja kama mgeni, akiwa ameolewa. Cheti cha kuzaliwa hakuwahi kuwa nacho. Kadi yake ya ubatizo ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilifukiwa siku tembe ilipoanguka kwa mvua. Laini yake ilipozimwa, mjukuu akamsajilia nyingine kwa jina lake yeye. Tangu siku ile hela ya Bibi ikawa inakaa ndani ya jina la mtu mwingine. Mjukuu akisafiri, Bibi hana hela. Mjukuu akikasirika, je?

Akaamua aombe kitambulisho. Mwenyekiti wa mtaa, kijana ambaye hakumfahamu vizuri, akamwambia alete wazee wawili wa kumshuhudia na barua iliyoandikwa vizuri. Barua nikapewa niandike mimi, si unajua tena, ndiye "mwandishi" wa mtaa.

Mzee wa kwanza alikataa. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nilimkuta mtu mzima. Nikisema najua alikozaliwa nitakuwa mwongo, na uongo wa karatasi hauozi."

Msimhukumu haraka. Anachokisema kina uzito. Ziko saini zinazouzwa kama karanga, na kila saini ya uongo inampunguzia thamani yule aliyesema kweli. Mwenyekiti anayeuliza mara mbili anailinda saini yake isiwe chenji ya mfukoni.

Tukaenda kwa mzee wa pili. Alicheka. "Nani kati yenu anajua alikozaliwa? Mimi mwenyewe nilikuwepo siku ile, lakini ushahidi wangu haufai kitu. Niliambiwa tu."

Neno hilo lilinikaa. Cheti changu cha kuzaliwa, ninachokitembeza kwa majivuno, ni nini kama si maneno ya mkunga na wazazi yaliyogongwa muhuri? Hakuna binadamu anayeweza kujishuhudia mwanzo wake. Wa mwanzo kukujua ni watu wengine, nawe unajipokea kutoka kwao. Mashahidi wangu waliandika. Wa Bibi walikufa bila kuandika. Tofauti yetu ni hiyo tu, na hiyo tu inatosha mmoja awe na laini na mwingine asiwe nayo.

Wapo watakaosema: ya nini kuihangaikia karatasi? Karatasi imewahi kuwa mnyororo. Ni kweli. Kenya ya wakoloni, baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, iliwalazimisha wanaume Waafrika kutembea na kipande chenye alama za vidole, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Rwanda vitambulisho viliandikwa kabila tangu enzi ya Wabelgiji, na mwaka 1994 neno moja lilitosha kumuua mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Chetu hakina kabila, na hilo tulilinde. Lakini kumwambia Bibi kwamba karatasi ni mbaya, wakati mimi ninayo mfukoni, huo nauona ni unafiki wa aliyeshiba anayewahubiria wenzake kufunga.

Mjukuu alitaka niandike "amezaliwa Makutupora", eti ndiyo njia fupi. Sikuiandika. Niliandika hivi: tunamfahamu tangu alipohamia hapa akiwa ameolewa, watoto wake wamezaliwa hapa na mumewe amezikwa hapa, mwenyewe anasema mama yake alimzaa wakati wa njaa, watu wakivuna uwele kidogo uliopatikana, sisi hatukuwepo, lakini miaka yote hajawahi kusema tofauti.

Nikarudi kwa mzee wa kwanza. Akaniambia nimsomee tena. Nilipofika "sisi hatukuwepo" akaomba kalamu.

Katika Ugogo njaa zina majina, kama ile Mtunya iliyowamaliza watu kati ya 1917 na 1920, na wazee wamezitumia njaa kama sisi tunavyotumia kalenda. Wakapiga hesabu: njaa ipi, nani alikuwa ameshatahiriwa, nani alikuwa bado mgongoni. Wakapata mwaka. Tarehe ikakisiwa. Namba ya NIDA ina tarakimu ishirini, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba ya Bibi ilipotoka, tarakimu nane hizo zilikuwa kumbukumbu ya wazee juu ya njaa. Kompyuta imezimeza bila kujua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kushuhudia usichokijua ni uongo, na kunyamaza juu ya unachokijua nako ni uongo, tena wenye heshima zake, ndiyo maana unatudanganya wengi. Haki ya jirani yako iko katikati hapo: sema ulichokiona, weka mpaka mahali ulipoishia, kisha weka saini.

Nanyi wenzangu mnaoota kuandika riwaya, kumbukeni kwamba huenda sentensi nzito kuliko zote mtakazoandika isichapwe popote. Itakuwa ndani ya barua ya mtu asiye na shahidi mwingine.