Hiari ya Mja na Kadari ya Mungu

Hiari ni uwezo wa mtu kutenda jambo hali akiweza kuliacha. Katika Uislamu, suala hili lilizua mjadala tangu karne ya kwanza ya Hijra: ikiwa Mungu amekadiria kila kitu, mja anaadhibiwa kwa lipi?

Watu wa kundi la Jabriya walikana hiari; kwao, mja ni kama unyoya unaopeperushwa na upepo. Makundi ya Kadariya, na baadaye Mu'tazila, yalishikilia kwamba mja ndiye mtendaji, kwa kuwa Mungu mwadilifu hamwadhibu mtu kwa tendo asilolichagua.

Mwanateolojia Abul Hasan al-Ash'ari, mzaliwa wa Basra aliyefariki karibu mwaka 935 BK, alishika njia ya kati: Mungu huumba tendo, mja hulichuma, yaani hulifanya kuwa lake. Kwa mfano, mkono wa mgonjwa hutetemeka bila yeye kupenda, ilhali anayeunyosha kuchukua kitu anajua amekusudia. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa dhima. Wapinzani walihoji: ikiwa hata uwezo wa kuchuma umeumbwa na Mungu, mja amebakiwa na nini? Wafuasi wa mwanateolojia Maturidi walijibu kwamba tendo huumbwa na Mungu, lakini uteuzi ni wa mja mwenyewe.