Muujiza Haukufuta Deni

Jumapili tulisoma 2 Wafalme 4, habari za yule mjane ambaye mdai alitaka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Tulishangilia sana mafuta yalipoongezeka. Lakini wiki hii swali moja limenisumbua: kabla ya mafuta, yule mama alifanya nini? Alienda kwa Elisha akataja deni lake.

Mimi sikutaja langu. Nina digrii ya biashara, na wengi wenu huniuliza mambo ya pesa, kwa hivyo niliona aibu. Nilikuwa na mkopo wa sacco, nikaanza kuchelewa. Nikakopa kwa simu nilipe sacco, halafu nikakopa kwingine nilipe ule wa simu. Mke wangu hakujua. Kila usiku niliomba, "Bwana, futa deni hili." Nikaita hiyo imani.

Siku moja mama mmoja wa hapa kanisani, aliyekuwa mdhamini wangu, alinisubiri nje baada ya ibada. Akasema kwa upole, "Pasta, nimeenda kuomba mkopo wa karo, nikaambiwa akiba yangu imeshikiliwa kwa sababu yako."

Sikuwa na andiko la kumjibu. Pesa za sacco ni jasho la wanachama. Nisipolipa, wadhamini ndio hukatwa. Kumbe nilikuwa naomba lifutwe deni ambalo mama huyu ndiye angelilipa! Je, hiyo ni imani, ama ni kumtwika jirani mzigo wangu kwa jina la Bwana?

Usiku huo nilimwambia mke wangu kila kitu. Haikuwa rahisi. Kesho yake tukaenda pamoja kwa afisa wa sacco anayeshauri wanachama. Hakunihubiria. Alitoa karatasi, akaniuliza: nani anakudai, kiasi gani, riba gani, tarehe gani? Kisha akanipigia hesabu. Mkopo wa simu wa shilingi 10,000 wenye ada ya 7.5% kwa mwezi, ukiurudia mwaka mzima, unalipa ada ya 9,000 na bado unadaiwa 10,000. Pesa hizo hizo kwa riba ya 1% kwa mwezi, ikihesabiwa kwa salio linalopungua, riba ya mwaka ni 650 tu. Mimi mwenye digrii nilikuwa sijawahi kukaa chini nikaandika hesabu hiyo.

Tukakubaliana: hakuna kukopa tena, mikopo ya simu ilipwe kwanza, na niandikie sacco barua ya kuomba muda zaidi. Ilichukua miezi 19. Akiba ya yule mama ilipoachiliwa, nililia kuliko siku niliyohitimu.

Kuna atakayesema kutafuta mshauri wa madeni ni kukosa imani. Rudi kwa Elisha. Alimuuliza mjane ana nini nyumbani, na hilo ni swali la bajeti. Mafuta yalipojaa, alimwambia auze, alipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Muujiza haukufuta deni. Ulililipa. Mungu alimheshimu hata mdai.

Neno moja la tahadhari: mtu akikuambia umtumie pesa akutoe CRB, usitume. Ripoti yako una haki kuipata bure mara moja kwa mwaka. Rekodi ya kweli hurekebishwa kwa kulipa.

Mpendwa, wiki hii usianze na maombi ya kufutiwa. Anza na karatasi. Andika kila jina unalodaiwa, hata lile la jirani wa duka. Mwonyeshe mwenzi wako, au mtu mmoja unayemwamini. Kisha pigeni magoti pamoja, karatasi ikiwa mbele yenu. Mungu anaijua tayari.