Kabla ya Utepe

Wako wanaosimulia kwamba mkimbiaji wa Tanzania Filbert Bayi alichomoka kutoka mahali pasipojulikana. Mahali hapo panajulikana. Ni Karatu, enzi hizo ikiwa ndani ya Wilaya ya Mbulu, nchi ya Wairaqw, kwenye miinuko ya takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukishika barabara ya vumbi kutoka Karatu mjini kwenda Endamarariek unapishana na watoto wa shule wanaotimua mbio, madaftari kwapani, na hakuna mkulima anayeacha jembe kuwatazama. Huku mtoto kukimbia si habari. Habari huanza siku mtu wa mbali anaposhika saa.

Na walioshika saa hawakuona kitu mwanzoni. Kwenye Olimpiki ya Munich, mwaka 1972, Bayi aliingia mita 1500 na mbio za kuruka viunzi na maji, akatolewa kwenye mchujo kote kuwili. Januari 1973, kule Lagos, akamshinda bingwa wa Kenya, Kipchoge Keino mwenyewe, kwenye Michezo ya Afrika. Watu wakageuza shingo kidogo. Kisha akaenda Ulaya, na huko ndiko alikojijengea sifa ya ajabu: bunduki ikilia tu, anakwenda. Hasubiri, haviziani na mtu, hajifichi nyuma ya mgongo wa mwenzake kukwepa upepo. Stockholm aliongoza hivyo hivyo mbio za maili, Ben Jipcho wa Kenya akaja kumpita. Wajuzi wakatikisa vichwa: kijana ana miguu, ila hajui kugawa pumzi.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wenyeji walikuwa na John Walker na Rod Dixon. Kenya ilikuwa na Jipcho, ambaye alikuwa amekwisha kutwaa dhahabu mbili kwenye michezo ile ile. Bayi, miaka 20, akafanya yale yale aliyolaumiwa nayo. Mzunguko wa kwanza aliumaliza chini ya sekunde 55, peke yake, wengine wakiwa nyuma wanamsubiri achoke. Mzunguko wa mwisho wakaanza kumla, na kwenye mita mia za mwisho Walker alikuwa anakuja, anakuja kweli. Bayi akakata utepe kwa dakika 3, sekunde 32.16. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun, 3:33.1, iliyokaa tangu 1967, ikaanguka.

Sasa jiulize: alipokuwa amebakiza mita hamsini, lile alilokuwa analifanya lilikuwa nini? Upumbavu au ujasiri? Lingeweza kuitwa lolote kati ya hayo mawili, na jina lingetolewa na watu wa jukwaani baada ya sekunde chache. Miguu ni ile ile, mapafu ni yale yale, uamuzi ulishapita tangu kona ya kwanza. Uwanja ungerefushwa mita ishirini tu, huenda leo tungekuwa tunafundishana kwamba Bayi alikuwa mfano wa haraka isiyo na baraka.

Na tusimsahau Walker. Alimaliza kwa 3:32.52, naye akiwa ameipita rekodi ya Ryun. Siku hiyo alikimbia kasi kuliko binadamu yeyote aliyewahi kupimwa kabla, isipokuwa mmoja aliyekuwa mbele yake kwa hatua chache. Kwenye orodha ya rekodi za dunia za mita 1500 hayumo. Mimi naona rekodi ile ni ya wawili, kwa sababu bila wa mbele, wa nyuma asingekimbia vile. Ushahidi ninao wa Montreal, 1976: Tanzania ilisusia Olimpiki, kama nchi nyingi za Afrika, kupinga ziara ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Bayi hakuwepo. Walker alichukua dhahabu kwenye mbio za kuviziana, kwa 3:39.17.

Moscow, 1980, Bayi alirudi kwenye viunzi na maji. Akachomoka vile vile, akawaacha mbali, na katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Fedha. Hakuwa mtu mwingine wala hakukimbia kwa namna nyingine. Kama Christchurch alikuwa shujaa, basi Moscow pia alikuwa shujaa. Anayetaka kumvua ushujaa wa Moscow auvue na ule wa kwanza.

Rekodi yake ya dunia ya mita 1500 ilidumu hadi 1979, alipokuja Sebastian Coe kuivunja. Ile ya michezo ya Jumuiya ya Madola ilikaa miaka 48, mpaka Oliver Hoare wa Australia alipoivunja Birmingham mwaka 2022. Na mwalimu wa michezo Endamarariek, akimwona mtoto anafyatuka mwanzoni mwa mbio, bado atampigia kelele apunguze, na mara nyingi atakuwa sahihi.