Mjumbe hauawi, lakini huulizwa

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Kauli hiyo humkinga mjumbe na upanga, lakini haimkingi na swali: je, ujumbe ulioubeba unaujua? Swali hili lilimkuta Mwislamu mashuhuri kuliko wote wa Marekani, bondia Muhammad Ali, alipofika Dar es Salaam Februari 1980.

Ndugu msomaji, wengi wetu twamjua Ali kwa ngumi zake, lakini heshima yake kubwa ilitokana na neno moja: sitaki. Tarehe 28 Aprili 1967, akiwa na umri wa miaka 25, alikataa kuingia jeshini katika vita vya Vietnam, akisema dini yake haimruhusu. Alivuliwa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Alibaki nje kwa dhamana, ila kwa zaidi ya miaka mitatu hakupanda ulingoni. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hukumu hiyo.

Mwaka 1980 serikali ya nchi hiyo hiyo ikamfanya mjumbe wake. Majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameivamia Afghanistan Desemba 1979, na Rais Jimmy Carter akataka mataifa yasusie Olimpiki ya Moscow. Ali akakubali kuja kuzishawishi nchi za Afrika, akaanzia kwetu. Rais Nyerere alikataa kuonana naye, akiona ni dharau kumtuma mwanamichezo kwa jambo la dola. Waandishi wa habari nao wakamkumbusha Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, ziliisusia kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikwenda kucheza Afrika ya Kusini ya makaburu. Mbona Marekani haikuziunga mkono? Ali akajibu kuwa habari hiyo hakuelezwa, na akakiri hadharani kwamba huenda ametumiwa katika jambo lisilo sawa.

Mtu ni yule yule wa mwaka 1967. Ushujaa haukumpungukia, kilichompungukia ni habari. Katika Surat Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Tena Waafghani walikuwa wakidhulumiwa kweli, na hapo ndipo ulipo mtego. Mwenye nguvu akitaka kumtumia mtu mwema hamtumi kwa batili tupu, humpa haki moja mkononi na kumficha nyingine.

Je, kukiri kunatosha? Ali aliendelea na safari yake hadi Kenya, Nigeria, Liberia na Senegal. Hapa natofautiana na wanaomsifu bila kupima. Aliyekwisha kuona walakini katika mzigo, wajibu wake ni kuutua. Hata hivyo tumtendee uadilifu: kusema mbele ya waandishi kuwa waliokutuma wamekuficha jambo si kazi nyepesi. Wangapi kati yetu hufika hata hapo? Tanzania, kwa upande wake, ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha.

Swali hili halikuzikwa na Ali alipofariki mwaka 2016. Kila msimu wa uchaguzi, hapa Pemba na kwengineko, huombwa ustadhi apande jukwaani, msanii aimbe, mchezaji avae fulana. Hawaombwi elimu yao, huombwa jina lao, kwa sababu watu wanaliamini. Jina jema ni amana. Kabla hujalikopesha, uliza nani anakutuma, na nini hakukuambia. Ukijua baadaye, rudi.

Mjumbe hauawi, lakini mbele ya Allah (s.w.) ataulizwa alichokibeba na aliowabebea.

Wallahu a'alam.