Bosi Mwema Asiyejua

Katika Aggretsuko, katuni ya Kijapani iliyoingia Netflix mwaka 2018, wafanyakazi wote wa ofisi ni wanyama. Retsuko, panda mwekundu mwenye miaka 25, ni mhasibu jijini Tokyo. Msimamizi wake, Ton, ni nguruwe anayemrundikia kazi na kumdhalilisha. Jioni Retsuko hujifungia kwenye chumba cha karaoke, akaimba kwa kunguruma mpaka hasira zipoe.

Ton ni rahisi kumchukia. Anayenisumbua ni mkuu wa kampuni, aliye juu ya Ton: mzee mchangamfu, asiye na ubaya na mtu, ila hajui yanayowapata walio chini. Malalamiko kuhusu Ton yanamfikia kwa bahati tu, kwa sababu Retsuko alikutana na katibu wake kwenye darasa la yoga.

Nimewahi kuwa na bosi wa namna hiyo. Kabla ya kuanza shahada ya uzamili nilijitolea katika ofisi moja Dar es Salaam. Bosi alituita "wanangu". Siku moja akatangaza kwamba kila Jumatatu tutakunywa chai pamoja saa moja kamili asubuhi, kwa gharama yake, ili tuzoeane. Tukapiga makofi.

Dada wa usafi alikuwa akitokea Chanika. Ili chai iwe mezani saa moja, aliamka saa tisa usiku na kumwacha mtoto kwa jirani. Kila Jumatatu bosi alimshukuru kwa jina mbele yetu sote. Hakuwahi kumuuliza anaishi wapi.

Je, mtu wa nia njema ana hatia kwa asilolijua? Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, anasema watunga sheria humwadhibu hata asiyejua, ikiwa kutojua huko amejitakia. Mlevi huadhibiwa mara mbili, kwani angeweza kutolewa.

Nadhani cheo nacho ni kileo. Kinamwondolea mtu haja ya kujua. Sisi tulijua hata mlio wa gari la bosi getini, maana riziki yetu ilitegemea hali yake ya siku hiyo. Yeye hakupungukiwa chochote kwa kutojua daladala ya kwanza hutoka Chanika saa ngapi. Kwa hiyo ndiyo, ana hatia: aliyepewa uwezo wa kuwaamsha wengine saa tisa ana wajibu wa kuuliza wanaamka saa ngapi.

Hukumu hiyo ingenitosha, kama si siku yangu ya mwisho pale. Bosi aliniita, akanipa barua ya kunipendekeza yenye sifa tele, kisha akauliza, "Mwanangu, unaona tuboreshe nini?" Aliuliza kwa dhati. Akanyamaza, akasubiri.

Wenzangu walikaa kimya kwa sababu walikuwa na kodi ya nyumba na ada za watoto. Mimi barua ilikuwa tayari mkononi.

"Kila kitu kiko sawa, bosi," nikasema.

Nilipita jikoni kuaga. Dada alikuwa anasuuza vikombe. Akaniambia nisome kwa bidii, nije niwe bosi mzuri kama yule.